Nyaya Zimeungana au Zimepishana?

Timbwani, Likoni
Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Twaha,

Habari ya fulana za baridi, habari ya kuchemsha maji, habari ya kutolala na dirisha wazi huko Nairobi, hizo zote mamako keshakwambia mara saba, na ya nane atakwambia kesho gari likianza kwenda, akikimbia nalo. Mimi sina la kuongeza hapo. Hata soksi sijui zako ni ngapi.

Nimekaa kwenye meza yako ya kazi. Wewe umevuka kisiwani na binamu zako kuaga watu, nami nimefunga mlango wa mbele nikamwambia mamako kwamba natengeneza redio ya mtu. Usinicheke. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kudanganya kwamba nafanya kazi hali naandika barua. Kwa kawaida ilikuwa kinyume chake.

Kuna swali uliniuliza wiki iliyopita, nami nikalijibu kwa mzaha. Barua hii ndiyo jibu lake. Ni refu, kwa sababu limekaa ndani yangu miaka sita. Nataka ulisikie kwangu leo, kabla hujalisikia kesho mbele za watu stesheni.

Lakini kwanza niache nijivune kidogo, maana baada ya hapo sitakuwa na uso wa kujivuna.

Wajua mimi ni Seif Meli. Nimekula mkate Bombay, nimekunywa chai Aden, nimetapikia bandari ya Durban. Darasa nilifika la tatu, na la nne nililisoma kwa kuchungulia dirishani. Kiingereza changu ni cha melini, nusu amri nusu matusi. Na kwa elimu hiyo hiyo nimefufua redio ambazo wenyewe walikwisha kuzisomea khitma. Likoni nzima yajua. Ukitaja fundi wa redio ng'ambo hii ya maji, jina langu latoka kabla hujamaliza kutaja.

Sasa wewe umenipita. Nalisema wazi, na Mungu anisikie. Umenipita si kwa masikio, masikio yangu bado hayana mfano. Umenipita kwa kuchora.

Siku uliporudi kutoka kwenye mtihani wa kuingia chuo cha Nairobi cha simu za upepo, zile zisizo na nyaya, ukanieleza jinsi yule mzungu mtahini alivyowapa kila mmoja redio iliyofunuliwa mgongo, akasema, "Chora," mimi nilidhani umefeli. Kwa nini? Kwa sababu ulisema wenzako walichora vizuri sana. Mmoja alichora kila taa ya kioo na mng'ao wake, na boksi na misumari yake, mpaka vumbi. Nikauliza, "Nawe?" Ukasema, "Mimi sikuchora redio, baba. Nilichora njia ya umeme."

Sikukuelewa. Nilijifanya nimekuelewa, nikasema, "Naam, ndivyo nilivyokufunza." Sikukufunza. Nilikaa siku mbili nikilitafuna neno hilo mpaka likalainika. Kisha nikakumbuka ile ramani ya nahodha wetu. Nilipokuwa kijana, nikisugua chumba chake, nilikuwa naitazama nikiiona ovyo. Bandari yetu ya Kilindini imechorwa pale, lakini hakuna mnazi, hakuna nyumba, hakuna hata mtu mmoja wa kupunga mkono. Ni mistari tu na tarakimu ndogo ndogo. Nikamwambia serahangi wetu, mkubwa wa mabaharia, "Aliyechora hii hajapata kufika Mombasa." Akanipiga kofi la kichwa, akasema, "Mjinga we! Aliyechora hii keshakufa, na meli yapita salama. Hiyo ndiyo kazi yake. Si kukuonyesha mji. Ni kumpitisha mtu asiyewahi kufika, mwenye kuichora hayupo."

Kofi lilinibaki, maneno yakaniponyoka. Mpaka ulipokuja wewe.

Twaha, mwanangu, ninapoutazama mchoro wako huu ulioko hapa mezani, roho yangu yavimba kama hamri kwenye mafuta. Umeme waingia kushoto, sauti yatoka kulia, kama mtu asomavyo barua ya Kizungu. Umeme mkali umeupitisha juu, waya wa ardhi chini. Kila kitu na alama yake ile moja, ambayo fundi wa Bombay na wa Durban wangeitambua bila kukujua wala kujua lugha yako. Hukubana vitu ili kuonyesha kwamba waweza kuchora vidogo. Umeacha nafasi, jicho lapumua. Na pale nyaya zinapoungana, umetia nukta nyeusi, nene. Pale zinapopishana tu bila kugusana, mmoja umeuinua kijidaraja kidogo juu ya mwenziwe.

Nukta na kijidaraja. Sasa nimefika pale ninapopaogopa.

Wiki iliyopita uliutoa ule mchoro wangu wa zamani, wa mashine ya kipaza sauti cha kivukoni. Uliukuta sandukuni, ukasema utauchora upya kwa kujizoeza. Nilifurahi! Nikakutafsiria alama zangu. Kondensa mimi nilichora samaki. Taa ya redio nilichora dafu. Rizista, msumeno. Transfoma, madema mawili ya kuvulia samaki yakitazamana. Tukacheka mpaka mamako akaja kuuliza kuna nini. Nikakwambia kwamba nilifanya vile kwa ujanja, ili mtu akiniibia mchoro asiambulie kitu. Ndivyo tulivyokuwa mafundi wa zama zetu, kila mmoja na maandishi yake, na aliyeonyesha mchoro wake ni kama aliyefunua chungu chake barabarani.

Kisha ukaweka kidole mahali pamoja, karibu na samaki mkubwa, ukaniuliza: "Baba, hapa nyaya zimeungana au zimepishana?"

Nami nikasema, "Ziulize zenyewe." Ukacheka. Ukangoja. Nikasema, "Zimepishana." Ukachora kijidaraja chako ukaendelea. Hukujua ulichokichora.

Ami yako Faraji alikuwa mwenzangu wa kazi, hilo walijua. Ulikuwa mdogo lakini nadhani wamkumbuka na pasi ya kulehemu mkononi, akivuta uzi wa risasi mwembamba kuliko unywele. Mimi nilikuwa mdomo wa duka letu, yeye alikuwa mikono. Wakati wa vita afisa mmoja wa habari alitutaka tutunze kipaza sauti pale Likoni, karibu na kivuko, watu wasikie habari za vita kwa Kiswahili. Tuliweka injini ndogo ya mafuta chini, mashine tukaiweka juu kwenye ulingo wa mbao, na ngazi ya kupandia. Watu walikuwa wakijaa. Wana wao walikuwa Burma, Abisinia, na kwingine wasikokujua hata kutaja. Sauti ikikatika, ni kama umewakatia pumzi.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na kondensa moja kubwa kama kopo la maziwa. Wewe wajua tabia ya kondensa, lakini wacha niseme nilivyojua mimi: ni mtungi. Ukifunga mfereji, maji ya mtungini hayajaondoka. Ukizima injini, umeme umo bado, umejificha, wakungoja. Kwa hiyo palikuwa na rizista iliyoungwa nayo, kama kitundu cha kumwagia. Ukizima, umeme wavuja polepole mpaka waisha. Na mimi na Faraji tulikuwa na desturi yetu: ukizima injini, huigusi mashine mpaka umevuta tasbihi nzima, shanga tisini na tisa, bila haraka. Faraji aliishika desturi hiyo kuliko mimi. Mimi nilikuwa nafika shanga ya hamsini nikisema Mungu ni mwingi wa rehema.

Basi siku moja rizista ile iliungua. Iliungua kwa ajili yangu. Nilikuwa nawaonyesha vijana wa kivukoni jinsi niwezavyo kuipandisha sauti isikike mpaka kisiwani, nikacheza na nisivyopaswa kucheza navyo, ikatoa moshi. Nami nilikuwa nimejisifu kwa Faraji, kwa watu wote, kwamba hakuna kitu kinachofia mikononi mwangu. Vipuri wakati wa vita havikuwapo. Nikaukata ule muungano, nikatia rizista nyingine ndogo niliyokuwa nayo, ila si ya kumwagia tena. Niliipeleka kwenye kazi nyingine, waya wake ukawa wapita tu kando ya kondensa bila kuigusa. Mashine ikaimba. Kondensa ikabaki mtungi usio na kitundu.

Kwenye mchoro sikufuta kitu. Ule mstari uliokuwa ukiishia kwenye waya wa samaki, niliurefusha tu ukapita juu yake kwenda upande wa pili. Mstari juu ya mstari, msalaba mtupu. Kichwani mwangu nilijua kwamba zimepishana. Nani mwingine angejua?

Nilitakiwa kumwambia Faraji. Nalikusudia kumwambia. Lakini kumwambia rizista imetolewa ni kumwambia nimeiunguza. Na siku ile nilikuwa na harusi Changamwe, nimekwisha kujipaka uturi. Akaniuliza, "Seif, mashine i sawa?" Nikauonyesha mchoro uliotundikwa msumarini. Nikamwambia, "Huo hapo. Wasema kila kitu."

Maneno hayo, Twaha, ndiyo niliyoyasema.

Jioni ile sauti ilikatika katikati ya habari. Watu wakapiga kelele. Mama mmoja, waliniambia baadaye, alikuwa akimwita Faraji kwa jina amfanyie haraka. Faraji hakufanya haraka. Alizima injini. Akapanda ngazi. Akautazama mchoro, akaona msumeno, akaona mstari wafika kwa samaki, akasema moyoni: imeungwa, yavuja. Akakaa juu kwenye ulingo, watu wakimtukana, akavuta tasbihi yake shanga kwa shanga mpaka ya mwisho. Kisha akatia mkono.

Umeme ule haukumuunguza sana. Ulimrusha. Alianguka kutoka juu, na mkono wa kulia ukawa chini yake, juu ya jiwe la kuwekea injini. Wauona hivi leo. Haukunyooka tena, na vidole vitatu havishiki kitu chembamba. Leo auza machungwa pale kivukoni, na kisu akishika kwa mkono wa kushoto.

Nilirudi kutoka harusini nikakuta umati. Faraji amekwisha kuvushwa kwenda hospitali. Wakanigeukia wote, "Fundi Seif, imekuwaje?" Mimi niliyekuwa bado nanukia uturi niliutazama mchoro msumarini, na hapo hapo nilijua. Mara moja tu niliuona ule msalaba nikajua. Na kinywa changu, kinywa hiki kisichopata kukosa la kusema, kikasema:

"Faraji hakungoja."

Basi. Maneno mawili. Sikuongeza tena, wala haikuhitajika. Watu waliongeza wenyewe. Alipotoka hospitali jina lilikuwa limekwisha kumtangulia: Faraji Haraka. Watoto walimwimbia njiani, "Faraji Haraka, ngoja ipoe!" Hata wewe uliimba, nikakupiga kofi. Ulilia ukiniuliza nimekupigia nini hali kila mtu aimba. Ile haikuwa adabu, mwanangu. Nilikuwa najipiga mwenyewe kwa shavu lako. Nisamehe.

Wajua lililokuwa baya kuliko wimbo? Faraji mwenyewe aliamini. Alikuja kuniona, mkono umefungwa, akasema, "Seif, mimi nilivuta tasbihi. Wallahi nilivuta." Akanitazama, akasema, "Ama labda niliruka shanga. Watu walikuwa wakipiga kelele." Ulikuwa mlango umefunguliwa mbele yangu, Twaha, wazi kabisa, nipite niseme. Nikamwambia, "Mambo ya Mungu, ndugu yangu." Nikamtia Mungu katika uwongo wangu.

Toka hapo hakushika tena kazi ya redio. Wapo mafundi wenye mkono mmoja wanaosimamia na kufunza, na Faraji akili yake ni nzima kuliko yangu. Lakini nani ampe kazi ya umeme mtu asiyengoja?

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi Jumatatu. Wewe ulikuwa umekwenda kuchukua viatu vyako. Faraji alikuja kukuaga, kakuletea machungwa, yale uliyoyala ukasema ni matamu kupita kiasi. Nilimkaribisha ndani. Mchoro wako mpya ulikuwa hapa mezani.

Akauliza, "Huu kazi ya nani?"

Nikasema, kwa kiburi changu chote, "Ya mwanao."

Akavuta kiti. Hakujua ni mashine gani, kwa maana hukuandika jina bado. Akatia kidole cha mkono wa kushoto pale kushoto kabisa, akaanza kutembea. Mimi nilisahau ni mchoro gani, naapa nilisahau. Nilikuwa namtazama uso. Miaka sita sijauona uso ule. Alikuwa akinong'ona, "Hapa yaingia... hapa yapanda... eh, mashaallah, kaiweka wazi... hii transfoma..." Akacheka peke yake. "Mtoto huyu yuwaandika kama asemavyo. Mtu hahitaji hata kukuuliza." Akaendelea, kidole chaenda, kikafika kwenye kondensa kubwa. Akasema, "Aa, hii ni ile yetu! Mashine ya kivukoni!" Akafurahi kama aliyekutana na jamaa yake sokoni.

Kisha kidole kikafika kwenye kijidaraja.

Kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikaja tena. Kikasimama.

"Seif."

"Naam."

"Hapa hakuna nukta."

Akainama karibu zaidi na karatasi.

"Hapa haikuungwa. Yapita juu tu. Kondensa hii haivuji."

"Naam."

"Kijana kakosea?"

Mwanangu, hapo palikuwa na mlango mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa neno moja tu, ningesema ndiyo, kijana kakosea. Na ungekuwa wewe sasa, wa pili, uliyebebeshwa mzigo wangu. Nilikitazama kijidaraja kile, kidogo, safi, umekichora kwa mkono usiotetemeka. Nikasema, "Hakukosea. Ndivyo ilivyokuwa."

"Ilikuwa hivyo siku ile?"

"Siku ile."

Nje mamako alikuwa akitwanga, nikayahesabu mapigo ya mchi kwa kuogopa kumtazama. Mwisho akasema, polepole, "Basi hata ningevuta tasbihi kumi."

"Hata kumi."

Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru. Hakunipiga. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya meza, ule ulioharibika, akautazama kama kitu alichokiokota njiani. Akasema, "Miaka sita, Seif. Miaka sita nasali nikirudia rakaa, nikidhani sikuhesabu sawasawa. Imamu kanichoka. Mke wangu aniambia, bwana we, umesali nne, nami simwamini, narudia. Najiambia mimi ni mtu arukaye shanga."

Nikaanza kusema, nikatoa maneno yangu yote mazuri, wanijua. Akaninyanyulia mkono. "Nyamaza kidogo. Maneno yako nimeyasikia tangu ujana wetu. Nipe maji."

Nikampa maji. Akanywa yote. Akasimama, akaukunjua mchoro wako uliokuwa umejikunja pembeni, akauweka sawa kwa adabu kama mtu aufunikaye msahafu. Akasema, "Mwambie Twaha mchoro wake waniambia kitu ambacho babake hakuweza kuniambia." Alipofika mlangoni akageuka. "Pale uliponisemea palikuwa na watu wengi. Na Alhamisi stesheni patakuwa na watu wengi."

Akaenda zake.

Kwa hiyo, kesho. Wajua jinsi watu wetu wasindikizavyo. Timbwani nzima itavuka, na wa Kisauni watakuja, na jamaa wa Changamwe watatukuta huko huko na vikapu vyao. Wengi wao ndio wale waliokuwa kivukoni jioni ile. Wataniomba niseme neno la kukuaga, kwa sababu siku zote mimi ndiye msemaji. Nami nitasema. Nitasema Faraji alingoja, alivuta tasbihi yake mpaka shanga ya mwisho huku wao wakimtukana, na kwamba aliyekosea ni mimi, kwanza kwa mchoro wangu, tena kwa kinywa changu. Nitasema hata habari ya rizista niliyoiunguza kwa majivuno. Nimelijaribu neno hilo hapa peke yangu mara tano, na mara zote tano nilianza na mzaha. Kesho nitaanza bila mzaha, na sijui sauti yangu ikoje bila mzaha; huenda nikawa kama redio isiyo na taa.

Mamako nilimwambia jana. Alikaa kitako pale jikoni akasema, "Ndiyo maana hukupata kuyala machungwa yake." Mimi nilikuwa sijui kwamba sijapata kuyala.

Sikuandiki haya ili unihurumie, wala ili uwe mwangalifu. Wewe ni mwangalifu tayari, sijui umeutoa wapi uangalifu huo, labda kwa mamako. Nakuandikia kwa sababu uliniuliza swali zuri, swali la fundi, nami nilikudharau kwa kukuchekesha. Wengi nimewachekesha ili wasiniulize. Huko uendako watakuja watu wenye vinywa kama changu, wepesi, wanaopendwa, na watakwambia, "Andika tu, mimi naelewa." Usiwachukie. Mimi ni mmoja wao, na tuna mazuri yetu. Ila utie nukta yako.

Na ujue kwamba nakuonea fahari. Nimewaonea fahari wengi kwa mdomo, lakini hii ni ile isiyotoka kwa mdomo, imekwama hapa kifuani. Nilichora mchoro ambao hakuna aliyeweza kuusoma ila mimi, nikadhani ndio ufundi. Mwanangu alichora mchoro ambao mtu mwenye mkono mmoja, aliyeacha kazi miaka sita, aliusoma kwa kidole mpaka akamkuta ndani yake mtu mwaminifu aliyekuwa amempoteza, naye ni yeye mwenyewe. Mzungu mtahini alikupa alama zake. Sidhani kwamba aliona hayo.

Faraji ameomba jambo moja kwa mamako leo asubuhi, si kwangu: akuchukulie sanduku lako mpaka behewani, kwa ule mkono wake mzima. Umkubalie. Watu watanong'ona kwa nini baba hakulichukua. Waache, hawatanong'ona kwa muda mrefu.

Mimi nitakuwa chini ya dirisha lako, nikiwa nimekwisha kusema niliyo nayo, na sijui watu watanitazamaje, na zaidi ya watu sijui wewe utanitazamaje. Ukiona waweza, nipe mkono kabla gari halijaondoka. Ukiona huwezi bado, mpe Faraji mikono yote miwili. Nitasimama hapo hapo nikutazame mpaka behewa la mwisho lipite.

Mimi babako,
Seif